Moshi Usiomezwa

Jumamosi moja sahibu yangu alinialika katika ukumbi wanamokutana wavuta biri, ile misokoto minene ya majani ya tumbaku. Waliketi kwenye viti vya ngozi, wakizikata ncha na kuziwasha taratibu, mithili ya watu walio ibadani. Nilipositasita, mwenyeji wangu akanituliza: "Usihofu, mwalimu. Moshi huu haumezwi, huonjwa tu kinywani."

Waama, humo kinywani ndimo ilimo hatari. Sigmund Freud, tabibu mashuhuri wa Vienna, alikuwa akivuta biri zipatazo 20 kwa siku. Mnamo 1923 alipatikana na saratani ya kinywa. Alipasuliwa zaidi ya mara 30 na kutiwa kaakaa la bandia, lakini hata hayo hayakumwachisha kuvuta. Alifariki mwaka wa 1939. Kweli, mganga hajigangi.

Katika vijiji vya pwani ya Andhra Pradesh, India, wako wanawake wavutao biri iitwayo chutta huku ncha yenye moto wameitia mdomoni. Pengine tutawacheka. Madaktari hawacheki, kwani wameona saratani ya kaakaa ikiwaandama akina mama hao. Je, kiti cha ngozi huupunguza ukali wa moto?

Biri niliyopewa niliirudisha bila kuiwasha. Walimu wenzangu, wanafunzi hutuiga kabla ya kutusikiliza. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba moshi ukivikwa suti hugeuka kuwa ustaarabu.