Lori Likizimwa, Kompyuta Inakula Wapi?

Malori yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam hupita Barabara ya Mandela, ubavuni mwa Mabibo, kisha hushika Barabara ya Morogoro na kuianza safari ya Tunduma, kilomita zaidi ya 900. Dereva hulala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti chake siku nenda rudi, kwa hiyo si ajabu akitamani kompyuta ya mezani humo ndani: ya kuhariri video, kuweka hesabu za mizigo, au gemu za usiku. Swali la kwanza kwa fundi umeme huwa lile lile: nifunge inveta ya wati ngapi? Swali hilo linaangalia mwiko na kusahau chungu. Inveta haizalishi umeme, inaugeuza tu. La kuuliza ni chakula kitatoka wapi injini ikizimwa.

Injini ikiunguruma hakuna shida. Alternita ya lori hutoa takriban volti 28, na hata ile ya ampea 80 inafikisha wati 2,240. Kompyuta ya kawaida pamoja na kioo chake hula kama 150. Ukijumlisha kinachopotea ndani ya inveta, sema 170. Lakini gari likiegeshwa usiku, au likikwama kwenye foleni ya mpakani, mzigo wote unahamia kwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo ili zitoe 24. Zikiwa za ukubwa wa N200, karatasi inasema kuna wati-saa 4,800, yaani saa 28 za kompyuta. Karatasi haijui kazi ya betri hizo. Zimejengwa kwa sahani nyembamba nyingi za risasi, zimwage mamia ya ampea kwa sekunde chache stata inapozungusha injini, kisha zijazwe papo hapo. Ukizinyonya polepole usiku kucha, sahani zinaota fuwele za salfeti. Zikiachwa hivyo fuwele hukomaa, na uwezo uliopotea haurudi wote. Mwenye busara atatumia robo tu, nayo ni saa saba, kabla hujahesabu taa, friji ndogo na uzee wa betri. Akizidisha, alfajiri stata inasema “ta!” na kunyamaza, na semi lenye tani 30 mgongoni halisukumwi na utingo.

Wapo watakaosema: si uache injini iwake? Injini kubwa ikisimama silensa hunywa lita mbili hadi tatu kwa saa. Usiku wa saa kumi ni lita 20 kwa uchache, na lita moja ya dizeli imebeba kama kilowati-saa 10 za nishati. Unachoma 200 ili upate 1.7. Afadhali betri ya pembeni. Ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100, ukiitumia kwa asilimia 80, inaendesha kompyuta ile ile saa 11, mradi ichajiwe kupitia kifaa kinachoitenga na betri za stata mara injini inapozimwa. Ni ghali, sikatai, ila bei yake ilinganishwe na dizeli ya mwezi mzima.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini isiwe kompyuta mpakato? Kwa kazi nyingi, kweli, itatosha. Hata anayeng'ang'ania ya mezani anaweza kujifunza kitu kwayo: kupunguza hatua za kugeuza umeme. Umeme wa DC wa volti 24 unapandishwa na inveta kuwa AC ya 230, kisha pawasaplai ya kompyuta inaugeuza tena kuwa DC ya zaidi ya volti 300, halafu inaushusha hadi 12. Kila kituo kinatoza ushuru wake kwa njia ya joto. Kompyuta ndogo za mezani zinazotumia adapta ya volti 19 zinaweza kulishwa na kigeuzi cha DC kwa DC, bila inveta kabisa.

Njia ya mkato isiyofaa ni ile ya kuchomeka waya katikati ya betri mbili ili kuiba volti 12. Betri iliyonyonywa hubaki na njaa, mwenzake hujazwa kupita kiasi hadi maji yake yachemke na kukauka. Kisha inanunuliwa mpya moja, inafungwa ubavuni mwa ile kuukuu, na waya wa katikati unarudishwa palepale.