Biashara ya unga Ndalambo: Faida huliwa ghalani

Wiki hii tunaitazama biashara ndogo ya chakula ambayo ni ya kawaida kabisa katika Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Ni ya mwenye mashine ya kusaga na kukoboa huko Ndalambo, anayenunua mahindi kijijini na kuuza unga hapo hapo na mjini Tunduma. Afanye nini ili biashara yake idumu mwaka mzima, badala ya kuchangamka Julai na kulala Februari?

Wapo wanaodhani kwamba biashara endelevu ni mambo ya miradi ya wafadhili. Kwa mfanyabiashara mdogo maana yake ni nyepesi: mahindi, mafuta na fedha visipotee bure, ili mtaji wa mwaka huu uwepo na mwakani.

Hali ya soko

Momba ina msimu mmoja wa mvua. Mahindi yakivunwa yanajaa sokoni na bei inashuka. Mwanzoni mwa mwaka unaofuata yanaadimika na bei inapanda. Aidha, Tunduma iko mpakani. Mwaka 2024 Zambia ilipatwa na ukame mkali na Serikali yake ikatangaza janga la taifa mwezi Februari. Mahitaji ya jirani yanapopanda namna hiyo, mwenye mashine asiye na akiba hugombania mahindi na wenye malori, na mara nyingi hushindwa. Mwenye akiba huendelea kusaga.

Adui wa akiba

Lakini akiba ina adui. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea nchini. Hutoboa punje na kuacha vumbi.

Dawa ya unga ni njia moja. Njia nyingine ni mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko wa aina hiyo una mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba cha nje, na kila mmoja hufungwa peke yake kwa kukazwa. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Mfuko ukitoboka kazi yake imekwisha. Hivyo upangwe juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Kila mfuko uandikwe mwezi wa kufunguliwa, kwani kufungua mara kwa mara huingiza hewa.

Hesabu yake

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua magunia 40 ya kilo 100 mwezi Julai. Dumuzi wakila kilo 10 katika kila gunia, amepoteza kilo 400, yaani magunia manne. Hasara hiyo asiipime kwa bei ya Julai aliyonunulia, bali kwa bei ya Februari ambayo angeuzia. Tuseme bei hiyo ni Sh 80,000 kwa gunia: hasara ni Sh 320,000. Mifuko 40 kwa Sh 5,000 kila mmoja ni Sh 200,000. Msimu wa kwanza ameokoa Sh 120,000, na mifuko ikitunzwa itatumika tena msimu wa pili. Bei hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke za sokoni kwake.

Unyevu na sumukuvu

Mfuko mzuri hauokoi mahindi mabichi. Yakifungwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo.

Kipimo cha bei nafuu kipo. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Mashine na pumba

Mafuta nayo hula faida. Nyundo zilizolika na chekeche lililochakaa huifanya mashine isage polepole na kunywa dizeli zaidi. Kuwasha injini kwa debe moja ni hasara. Afadhali kutangaza saa maalumu za kusaga ili wateja waje pamoja.

Kukoboa hutoa pumba nyingi. Zikikaa kavu ni chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe, na ni fedha. Pumba za mahindi yenye ukungu zisiuzwe, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Kwa mwekezaji mdogo

Anayetaka kuingia ubia katika biashara ya namna hii asiangalie ukubwa wa injini tu. Aombe kuingia ghalani. Aulize magunia mangapi yaliingia Julai, mangapi yametoka, na mangapi yamebaki. Mwenye mashine anayeweza kujibu kwa daftari, si kwa kukisia, ndiye mtu wa kumkabidhi mtaji.