Je, nyumba yako mpya ina nafasi ya afya?

Msomaji, unapopewa ufunguo wa nyumba mpya, jambo la kwanza unaloangalia ni lipi? Wengi wetu huangalia kama mfereji unatoa maji, kama stima imeunganishwa na kama mlango unafungika barabara. Ni wachache wanaouliza: mtoto akishikwa na homa usiku, au shinikizo la damu la mzee likipanda, ni nani aliye karibu wa kutusaidia?

Swali hilo halifai kungoja siku ya ugonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya afya na haki ya makao yanayofaa katika orodha moja. Hata hivyo, mambo haya mawili yamezoea kupita njia tofauti. Anayejenga nyumba hushughulika na saruji na mabati, naye daktari humngoja mgonjwa hospitalini.

Makala haya yanaeleza jinsi huduma za afya zinavyoweza kuingizwa ndani ya nyumba za bei nafuu kwa msaada wa chuo kikuu, na kwa nini mji wa Kakamega unafaa kwa kazi hiyo. Yanaeleza pia kasoro moja ambayo, isipoangaliwa, huharibu mpango mzima.

Ugonjwa usiopiga hodi

Chukua mfano wa shinikizo la damu. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi wala hauonyeshi dalili hadi pale unapoharibu moyo, figo au kupasua mshipa wa ubongo. Njia ya pekee ya kuujua ni kupimwa. Ilhali uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Si kwamba watu hao ni wajinga. Fikiria mama wa miaka hamsini anayeuza mboga sokoni Kakamega. Haumwi popote. Ili apimwe itabidi alipe nauli ya bodaboda, apange foleni na apoteze mauzo ya siku nzima, ilhali kodi ya nyumba inamngoja mwisho wa mwezi. Ataahirisha hadi mwezi ujao, na mwezi ujao ataahirisha tena.

Lakini iwapo kipimo hicho kinapatikana chini ya ngazi anazopanda kila jioni, itamchukua dakika kumi tu.

Mikono iko karibu

Utauliza, wauguzi wa kuketi katika kila mtaa watatoka wapi, iwapo hata hospitali zinalia kuwa hawatoshi? Hapo ndipo chuo kikuu kinapoingia.

Kakamega ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilicho kando ya barabara ya kuelekea Webuye. Kilianza kama chuo cha ufundi kilichojulikana kwa jina la WECO, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2002, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2007. Huko hufundishwa uuguzi, ukunga, udaktari na afya ya umma. Mjini humo pia kuna hospitali kuu ya kaunti, ambayo ni ya rufaa na ya mafunzo.

Kila mwanafunzi wa fani hizi lazima afanye mazoezi kwa watu halisi kabla ya kufuzu. Kwa kawaida mazoezi hayo hufanyika wodini. Hakuna sababu ya kuzuia sehemu yake kufanyika mtaani, chini ya usimamizi wa mwalimu aliye na leseni.

Wazo hili si geni katika eneo hili la magharibi mwa Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha madaktari mjini Eldoret mwaka wa 1990, kiliweka katika masomo yao muda wa kuishi na kufanya kazi katika vituo vya afya vya mashambani. Mwanafunzi hujifunza kuuliza familia inachota maji wapi kabla ya kuandika dawa ya kuhara.

Kutokana na ushirikiano wa chuo hicho na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, mwaka wa 2001 ulizaliwa mpango wa AMPATH wa kukabiliana na Ukimwi. Baadaye wahudumu wake walikwenda nyumba hadi nyumba wakiwapima watu hapo walipo. Aidha, mpango huo umewakusanya akina mama wajawazito katika vyama vyao vya akiba, wakajifunza afya palepale wanapochangishana pesa.

Mfano wa Richmond

Ng'ambo, mfano unaokaribia mada yetu zaidi uko mjini Richmond, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Tangu mwaka wa 2012, Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth kimekuwa kikipeleka wanafunzi na walimu wao katika majengo ya wazee wa kipato cha chini.

Mzee hushuka kutoka chumbani mwake na kukutana na kikundi kizima: wa uuguzi, wa famasia, wa udaktari na wa ustawi wa jamii. Mmoja humpima presha na sukari. Mwingine hukagua dawa zake zote, maana mara nyingi dawa mbili zilizoandikwa na madaktari wawili hugombana tumboni mwa mgonjwa mmoja. Mwingine humwuliza iwapo amekula. Wanafunzi hupata ujuzi, mzee naye hupunguziwa safari.

Mpango ungefanyaje kazi Kakamega?

Hauhitaji hospitali ndogo. Unahitaji chumba kimoja katika ghorofa ya chini, chenye maji, mwanga, pazia, meza, kitanda cha kumlaza mgonjwa na kabati inayofungwa kwa kufuli. Iwapo nyumba zinajengwa upya, chumba hicho kichorwe katika ramani tangu mwanzo. Katika mitaa ya zamani kama Amalemba, hata chumba cha mikutano kingefaa kwa siku mbili za wiki.

Kazi ya chumba hicho ni ile ya msingi: kupima presha na sukari, kuwapima watoto uzani, kukumbusha chanjo, kuwafuata wajawazito, kutambua kikohozi kilichopita wiki mbili ambacho huenda ni kifua kikuu, na kuandika barua ya rufaa. Mgonjwa anayehitaji zaidi hupelekwa katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya kaunti.

Mlango wa kisheria uko wazi. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inatambua wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hukadiriwa kuhudumia kaya zipatazo 100. Jengo jipya la ghorofa laweza kuwa na kaya hizo zote chini ya paa moja! Nayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ambayo kwayo mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho, inatenga aina ya nyumba kwa wenye kipato kisichofika Sh20,000 kwa mwezi. Hao ndio ambao nauli ya kwenda hospitali huwatatiza zaidi.

Kasoro ya mgeni wa siku moja

Sasa tufike kwenye ile kasoro. Mwaka wa 2012 ulianza utafiti mkubwa katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, uliowashirikisha zaidi ya wanawake wajawazito 8,000. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kilikuwa miongoni mwa waliouongoza. Baadhi ya familia zililetewa dawa ya kusafisha maji, nyingine mahali pa kunawia mikono, nyingine vyoo vilivyoboreshwa, na nyingine lishe ya ziada ya watoto.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2018 yaliwashangaza wengi. Lishe ilisaidia watoto kukua vizuri kidogo, lakini maji, sabuni na vyoo havikupunguza kuhara. Nchini Bangladesh, ambako utafiti kama huo ulifanywa, kuhara kulipungua. Tofauti moja iliyotajwa ni kwamba huko wahudumu waliitembelea familia mara kadhaa kila mwezi. Huku kwetu matembezi yalikuwa machache zaidi.

Somo ni nini? Kifaa kinacholetwa nyumbani hakitibu peke yake. Anayeleta mabadiliko ni mtu anayerudi.

Hii ndiyo hatari ya kutegemea wanafunzi. Wanafunzi huenda likizo, huwa na mitihani, kisha hufuzu na kuondoka. Mama aliyeanzishiwa dawa za presha mwezi wa Machi hawezi kungoja muhula mpya mwezi wa Septemba. Dawa za presha zikiachwa ovyo, kiharusi kinaweza kufuata.

Kwa hivyo kila chumba lazima kiwe na muuguzi mmoja wa kudumu, anayelipwa, anayejulikana kwa jina na wapangaji. Wanafunzi wawe mikono yake, wasiwe badala yake. Daftari la wagonjwa nalo libaki kituoni, si katika mkoba wa mwanafunzi.

Jambo jingine ni siri. Katika nyumba za ghorofa, jirani huona nani kaingia wapi. Chumba kisiwe ndani ya ofisi ya kodi, na msimamizi wa jengo asiwe na ruhusa ya kufungua kabati. Watu wakishuku kwamba ugonjwa wao utajulikana na anayekusanya kodi, hawatakuja.

Nyumba yenyewe pia ni dawa

Chumba cha muuguzi hakitaponya kile kinacholetwa na nyumba mbovu. Magharibi mwa Kenya malaria ingali tishio kubwa, na mbu wengi huingia kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Kuziba au kuweka wavu hapo hupunguza mbu. Madirisha mawili yanayotazamana huondoa hewa chafu inayoeneza kifua kikuu. Sakafu ya saruji huzuia funza na minyoo. Nchini Mexico, serikali ilipowawekea maskini sakafu za saruji, watafiti walikuta minyoo na kuhara vimepungua sana miongoni mwa watoto.

Ufanye nini?

Ukiwa mpangaji au mnunuzi, uliza maswali haya kabla ya kutia sahihi:

1. Mhamasishaji wa afya wa jengo hili ni nani, na anapatikana vipi?

2. Zahanati iliyo karibu iko umbali gani kwa miguu?

3. Iwapo kuna chumba cha afya, muuguzi wake wa kudumu ni nani, na wakati wa likizo nani hukifungua?

4. Je, mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi ana njia gani?

Hali kadhalika, jisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 1, 2024, maana waliosajiliwa ndio wanaopata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila malipo.

Na siku utakapopimwa presha, popote pale, pumzika kwanza kwa dakika tano, keti ukiegemea kiti, miguu ikanyage chini, na mkono uwe sawa na kimo cha moyo. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi, usibabaike, lakini rudi upimwe tena siku nyingine. Andika namba hizo nyumbani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati huu ambapo kuta mpya zinajengwa, ni rahisi kuongeza chumba kimoja na mlango wake. Kazi ngumu itakuwa kuhakikisha kwamba mlango huo unafunguliwa kila wiki.