Dawa za kuimarisha mifupa na hatari kwa taya

Dawa zinazowakinga wazee wengi wasivunjike nyonga na uti wa mgongo zinaweza, kwa wagonjwa wachache, kusababisha mfupa wa taya kufa. Wataalamu nchini Kanada wanasema hatari hiyo inaweza kupunguzwa sana iwapo kinywa kitatibiwa kabla ya dawa kuanza.

Dawa hizo huitwa bisfosfoneti. Wenye osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuvunjika kwa urahisi, kwa kawaida hupewa vidonge. Wagonjwa ambao saratani yao imeenea mifupani huchomwa dawa hizo katika mshipa, kwa kipimo kikubwa zaidi.

Mwaka 2003 daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Miami, Robert Marx, aliripoti wagonjwa 36 waliotumia dawa hizo na ambao mfupa wa taya ulikuwa umebaki wazi bila kupona.

Katika jimbo la Ontario, ambalo mji wake mkuu ni Toronto, madaktari wa upasuaji wa kinywa waliohojiwa walitaja visa 32 kati ya mwaka 2004 na 2006. Kwa wagonjwa wa saratani, kiwango kilikadiriwa kuwa 442 kwa kila watu 100,000. Kwa wenye osteoporosisi kilikuwa takriban mmoja tu kwa kila 100,000.

Kwa nini taya?

Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Bisfosfoneti hunata kwenye mfupa na kuzidhoofisha seli zinazobomoa. Mfupa wa nyonga hunufaika kwa kuwa haupotezi tena uzito wake. Lakini kazi ya ukarabati nayo hupungua.

Taya hujikarabati kwa kasi kuliko mifupa mingine mingi, hubeba nguvu za kutafuna, na limefunikwa na ufizi mwembamba tu katika kinywa kilichojaa bakteria. Jino likioza au liking'olewa, taya huhitaji ukarabati wa haraka. Ukarabati huo usipofanyika, mfupa hubaki wazi, bakteria huingia, na maumivu na usaha hufuata. Madaktari huutambua ugonjwa huu mfupa unapobaki wazi kwa zaidi ya wiki 8 kwa mgonjwa anayetumia dawa hizi na ambaye taya lake halikuchomwa kwa mionzi.

Watafiti pia wanachunguza kinachoitwa msongo wa oksidishaji. Seli zinapotumia oksijeni huzalisha chembe kali ambazo mwili huzizima kwa kinga zake. Chembe hizo zikizidi kinga, huharibu utando na vinasaba vya seli. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa bisfosfoneti zinaweza kuziongeza chembe hizo katika seli za ufizi, na hivyo kuchelewesha kidonda kufunga. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari wamejaribu vitamini E pamoja na dawa ya kusaidia mzunguko wa damu, pentoksifilini. Hata hivyo, ushahidi uliopo bado ni mdogo.

Dawa nyingine ya mifupa, denosumabu, ambayo si bisfosfoneti, nayo inaweza kuleta tatizo hilo.

Gharama za meno

Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2008, ulioandaliwa na jopo lililowajumuisha Aliya Khan wa Chuo Kikuu cha McMaster na George Sándor wa Toronto, unataka wagonjwa wa saratani wakaguliwe meno na kupigwa picha za eksirei kabla ya kuchomwa dawa. Kwa wenye osteoporosisi ambao hutunza meno yao ipasavyo, ukaguzi huo maalumu si lazima.

Tatizo ni kwa wasiofika kabisa kwa daktari wa meno. Bima ya afya ya umma ya Ontario humlipia mkazi daktari na hospitali, lakini hailipii matibabu ya kawaida ya meno kwa watu wazima. Kwa mzee aliyehamia Toronto kutoka Mombasa au Bujumbura, jino bovu huweza kuachwa kwa miaka kwa sababu ya gharama.

Mwaka 2019 Ontario ilianzisha mpango wa meno bila malipo kwa wazee wa kipato cha chini wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mpango wa serikali kuu ulianza kugharamia matibabu mwezi Mei 2024, ukianzia na wazee wasio na bima ya meno.

Wataalamu wanaonya kuwa mgonjwa asiache dawa kwa hofu, kwani nyonga iliyovunjika inaweza kumwondolea mzee uwezo wa kutembea, au hata uhai. Denosumabu ikikatizwa ghafla, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Mgonjwa anashauriwa kumwarifu daktari wa meno kuhusu dawa anazotumia kabla ya kung'olewa jino, kupiga mswaki vizuri na kuacha sigara. Akiona mfupa kinywani, au kidonda kisichopona, asikawie kwenda hospitali.