Je, Wajua? Kona ya kushoto huanzia kulia

Pikipiki ikishashika kasi, haikati kona kwa kugeuzwa usukani kule unakokwenda. Ukitaka kushoto, mkono wa kushoto husukuma usukani mbele kidogo; tairi la mbele huelekea kulia kwa muda mfupi mno, chombo kikalalia kushoto, ndipo kinapopinda. Wengi hufanya hivyo bila kujua, na ujuzi usiojulikana ni mgumu kuuita gari linapochomoka ghafla. Profesa Harry Hurt alichunguza ajali zaidi ya 900 za Los Angeles, Marekani. Ripoti yake ya 1981 inasikitisha: uwezo wa kukwepa kwa njia hii karibu haukuwepo. Wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi tairi likaserereka, ile ya mbele, yenye nguvu zaidi, wakaiminya kidogo tu.