Kabla ya Bei, Uliza RAM na Wati

Anayetafuta laptopu ya nyumbani huko Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Fizi, au Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, huanza na swali moja: hii ya bei nafuu itanitosha? Kwa maoni yangu itatosha, mradi unafuu wake usitokane na kubana kumbukumbu (RAM). Kazi za nyumbani ni nyepesi: kuandika barua, kuweka hesabu za duka, kusoma vitabu vya PDF, kutazama filamu. Prosesa ndogo huzimudu. Kinachoielemea mashine ni RAM ndogo na diski ya polepole. Windows 11 hudai angalau GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi, lakini kiwango hicho ni cha kuiwasha tu, si cha kufanyia kazi. RAM ni meza ya muuza duka na diski ni ghala lake. Meza ikijaa, kila bidhaa hufuatwa ghalani, na mteja anangoja. Katika mashine nyingi za bei ya chini ghala hilo ni eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD na haibadilishwi kwa urahisi. Kwa hiyo mpaka wangu ni GB 8 za RAM na SSD ya GB 256.

Mahali ambapo umeme wa nyumba hutoka kwenye paneli ya sola au jenereta, udogo wa prosesa hugeuka faida. Mashine inayotumia wati 10, ikifanya kazi saa 4, hula wati-saa 40. Kompyuta ya mezani na skrini yake, ikila wati 80, kwa muda huohuo hudai 320. Paneli ya wati 50 ikipata saa 4 za jua kali hutoa kama 200, kabla ya hasara ya betri na inveta. Ya kwanza inaacha akiba ya taa na simu. Ya pili haitoshelezwi.

Wapo watakaosema simu inatosha. Kusoma na kutuma ujumbe, ndiyo. Kupanga jedwali la mauzo ya mwezi kwa kidole gumba, hapana. Wengine watapendekeza mashine imara iliyokwisha kutumika. Ni hoja nzuri, kwani mara nyingi RAM yake huweza kuongezwa, lakini Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kwa hizo, Linux ndiyo njia. Betri nayo huchakaa. Basi kabla ya kulipa, fungua hati, jedwali na video kwa pamoja, chomoa chaja, kisha ngoja nusu saa. Asilimia zilizopungua zitakueleza zaidi ya maneno ya muuzaji.