Pishi za Mchumaji na Kazi ya Msimamizi

Msimu wa karafuu unapoingia Pemba, mchumaji hujulikana kwa pishi zake. Jioni karafuu hupimwa, hesabu huandikwa, na kila mtu hulipwa kwa kadiri ya alichokichuma kwa mikono yake mwenyewe. Basi mwenye shamba anapotafuta msimamizi, ni wepesi sana kumteua yule aliyewapita wenziwe kwa wingi wa pishi. Hapo ndipo tungependa wananchi, na hasa watendaji wa Serikali, wasite kidogo na kufikiri.

Kazi ya msimamizi haina pishi. Yeye hupimwa kwa mambo mengine: matawi yasivunjwe, karafuu zichumwe kabla hazijachanua, zichambuliwe vikonyo mapema, zianikwe majamvini wala zisirundikwe mbichi zikachacha. Karafuu zilizoharibika hushuka daraja zifikapo kituoni kuuzwa, na hasara yake hailetwi na mchumaji mmoja. Msimamizi anayekwea mkarafuu kutwa nzima ili athibitishe kwamba ubingwa wake haujapotea, huongeza pishi chache na kupoteza magunia.

Yaliyomo shambani yamo pia katika maofisi, maskuli na mahospitali yetu. Mwalimu hodari wa hesabu hufanywa mwalimu mkuu. Muuguzi hodari hukabidhiwa wodi. Cheo hutolewa kama tunzo ya kazi iliyopita, hali ya kuwa ni taklifu ya kazi mpya. Mtu akipewa barua na ufunguo bila ya mafunzo, tutakuwa tumempoteza mwalimu bora darasani, na huenda tusimpate mkuu bora ofisini. Anayeumia ni mtoto aliyepelekwa skuli na mgonjwa aliyelazwa kitandani.

Maradhi haya si ya visiwani peke yake. Mwaka 1969 mwalimu mzaliwa wa Kanada, Laurence J. Peter, pamoja na mwandishi Raymond Hull, walitoa kitabu chenye kueleza kwamba mtu hupandishwa vyeo kwa uhodari wake mpaka afike pale asipoweza, na hapo hubaki. Na mwaka 2019 wachumi watatu, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha utafiti wao juu ya wauzaji katika makampuni ya Marekani. Waliona kwamba wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi, kumbe uhodari ule wa kuuza haukuwa dalili ya uongozi mwema. Waliozoea kushirikiana na wenzao ndio waliokuja kuwa viongozi bora.

Kwetu sisi kuna mtihani mwengine, nao ni muhali. Jana mlikuwa mkila sahani moja. Leo wewe ndiye mwenye kuandika nani kachelewa. Aliye chini yako ni binamu, ni jirani, ni mtu mliyesoma naye chuoni kwa maalimu mmoja. Wapo wanaoshindwa na muhali wakafumba macho, na mzigo wa mvivu ukabebwa na mtiifu. Wapo wanaoukimbia muhali wakaangukia katika ubwana na kiburi, salamu ikawa nzito vinywani mwao. Njia zote mbili ni khiyana. Insafu ni kumwambia mwenzako ukweli mapema, faraghani na kwa heshima, na kumpima ndugu kwa kipimo kile kile cha mgeni.

Msimamizi mpya hana budi kujifunza kugawa kazi na kuiacha mikononi mwa aliyepewa. Kufundisha badala ya kupokonya. Kusikiliza kabla ya kuamuru. Na kufurahi pale mwengine anaposifiwa. Nahodha hashiki kila kamba. Akishika kila kamba, nani atatazama upepo?

Lakini lawama zote tusimtwike yeye. Wenye mamlaka ya kuteua wanao wajibu wao. Mtu na apewe nafasi ya kukaimu ili aonekane namna anavyoishi na watu. Mafunzo na yaje kabla ya cheo, kwani Chuo cha Utawala wa Umma tunacho hapa hapa Zanzibar. Na fundi asiyetaka kusimamia wengine apandishwe mshahara na heshima ndani ya ufundi wake, wala asionekane kuwa amebaki nyuma.

Wazee wetu wa siasa walitufundisha kwamba cheo ni dhamana. Tuongeze kwamba dhamana hii ni ya watu kabla ya kuwa ya meza na kiti. Siku atakapoulizwa msimamizi amefanya nini, asihesabu pishi zake. Awaoneshe watu aliowaongoza, na jibu litakuwa limekwisha kupatikana.